UZI: Caché (2005). Tuache kidogo kuuliza nani alituma mikanda, tumuangalie Georges na kazi yake

#1 Fundi Taa

Wakuu heshima kwenu.

Naomba leo tuiongelee Caché ya Michael Haneke, thrila ya Kifaransa ya mwaka 2005. Kila ikitajwa hii muvi mjadala unaishia palepale, nani alikuwa anatuma ile mikanda, watu wanavutana wee halafu uzi unajifia. Mimi nina hoja nyingine na nitaieleza kwa kirefu. Angalizo tu, namwaga kila kitu mpaka mwisho, kama hujaiona na unataka kuiona bila kujua lolote ishia hapa urudi baadae.

Kwa wasioijua: Georges Laurent (Daniel Auteuil) ni mtangazaji wa kipindi cha vitabu kwenye tivii, anakaa Paris na mkewe Anne (Juliette Binoche) ambaye yupo kwenye kazi za uchapishaji wa vitabu, wana mtoto mmoja wa kiume wa miaka 12, Pierrot. Siku moja wanakuta mkanda wa video mlangoni. Wanauweka kwenye deki, wanaona nyumba yao. Basi. Nyumba yao imerekodiwa kutoka upande wa pili wa barabara zaidi ya saa mbili, kamera haisogei, haivuti picha karibu, hakuna mtu anayetishia, hakuna barua ya kudai hela. Georges anaonekana anatoka asubuhi, anapita karibu kabisa na hiyo kamera kwenda kwenye gari, na hakuiona. Baadae mikanda inaanza kuja imefungwa kwenye karatasi zenye michoro ya kitoto, uso unatoka damu mdomoni, jogoo kakatwa shingo.

Na vile inavyoanza sasa. Unafungua, unaona nyumba mtaani, majina ya waigizaji na mafundi yanajichapa juu ya picha kwa herufi ndogo ndogo mstari kwa mstari mpaka yanajaa, ndege wanalia, mtu anapita, wewe unasubiri muvi ianze. Mara unasikia mwanaume na mwanamke wanaongea juu ya hiyo picha, halafu picha yenyewe inaanza kukimbia na ile mistari ya mkanda ukiukimbiza, ndio unashtuka kumbe muda wote hukuwa unaangalia mtaa, ulikuwa unaangalia tivii ya watu sebuleni kwao.

Ukishapigwa hivyo mara moja huyaamini tena macho yako. Muvi nyingi zikitaka kukuonyesha picha ya kamera ya siri zinaweka chengachenga, rangi inafifia, pembeni kuna kidoti chekundu na saa inahesabu, unajua kabisa hapa ni mkanda. Haneke ametoa vyote hivyo. Muvi nzima kaipiga kwa kamera ya dijitali ya HD badala ya filamu ili picha ya kwenye mkanda na picha ya maisha ya Georges zilingane, usione mshono. Kwahiyo kila kamera ikitulia tu mahali, hata kama ni jengo la kawaida mchana kweupe, unaanza kujiuliza hapa nipo ndani ya mkanda au nipo nje, na hakuna hata muziki wa kukushika mkono maana muvi yote haina muziki wa kuongoza hisia, mwanzo mwisho.

Sasa hoja yangu.

Kuna sini fupi watu wengi wanaipita. Georges yupo kwenye chumba cha kuediti, wanakipitia kipindi chake kilichorekodiwa, wageni wanabishana kuhusu mshairi Rimbaud. Anamuelekeza fundi, hapa toa, hapa inakuwa nadharia sana, turuke mpaka pale. Mgeni anapotea katikati ya maelezo yake na hata hayupo pale kulalamika. Georges hana ubaya wowote anavyofanya hivyo, sauti imetulia, ni kazi na anaijua. Mimi naamini muvi yote iko kwenye hicho chumba. Huyu ni mtu anayelipwa kuamua watazamaji waone nini na kisichopendeza kiishie sakafuni, na hiyo tabia hakuiacha ofisini.

Angalia habari ya utoto wake. Wazazi wa Georges walikuwa na shamba, na pale shambani walifanya kazi mume na mke Waalgeria wenye mtoto wa kiume, Majid. Tarehe 17 Oktoba 1961 wale wazazi walienda Paris kwenye maandamano ya Waalgeria na hawakurudi. Wazazi wa Georges wakaamua kumchukua Majid awe mtoto wao. Georges ana miaka 6, hataki kugawana chumba wala wazazi. Akasema Majid anakohoa damu. Daktari hakuona kitu. Akamwambia Majid kwamba baba kasema yule jogoo achinjwe, Majid akachukua shoka akamkata jogoo kichwa, damu ikamrukia usoni, Georges akaenda kusema Majid kafanya vile ili kumtisha yeye. Majid akapelekwa kituo cha yatima. Hiyo ndio habari kamili, ila Georges haitoi kamili hata siku moja. Kwanza anamwambia mkewe ana mtu anayemhisi ila hamtaji. Halafu anatoa kipande. Akibanwa anatoa kipande kingine. Anaenda kwa mama yake mgonjwa kitandani, anamuulizia Majid kwa mbali kama vile kapitiwa tu, na mama nae hataki kabisa hiyo habari. Hata anapomsimulia Anne kwa urefu, ule usiku wa 1961 anaupitisha kwa sentensi mbili tatu, FLN (chama kilichopigania uhuru wa Algeria kutoka Ufaransa) iliita watu, Papon mkuu wa polisi, polisi wake, watu 200 hivi walizamishwa mtoni, haya tuendelee.

Mkanda ndio kitu pekee kwenye maisha yake ambacho hakikuguswa na mkasi. Ndio maana unamtoa jasho. Haumtuhumu kwa lolote, haumuiti muuaji, unaonyesha mlango wa nyumba yake na muda unavyokwenda. Wanaenda polisi, polisi wanasema hawawezi kufanya kitu mpaka litokee jambo, na ukiangalia kisheria wako sahihi, kosa liko wapi?

Mkanda mmoja unaonyesha barabara kwa kioo cha gari mpaka kwenye jengo la makazi nafuu Romainville, avenue Lénine, korido, mlango. Wanandoa wanausimamisha mkanda, wanarudisha nyuma, wanasoma jina la mtaa kwenye kibao. Georges anaenda, anamkuta Majid mtu mzima (Maurice Bénichou, kacheza vizuri mno huyu mzee), mpole, anashangaa kwa dhati, anasema mikanda haijui. Na anamwambia kitu kimoja muhimu, kwamba zamani aliwahi kukiona kile kipindi kwenye tivii kwa bahati tu, akajisikia kichefuchefu kabla hata hajalijua jina la mtangazaji. Yaani Georges anaangaliwa na watu asiowajua kila kipindi kikirushwa, ndio kazi iliyomjengea ile nyumba, na haimsumbui kwa sababu pale yeye ndiye anachagua mwanga, kiti, ukuta wa vitabu nyuma yake na wapi pakatwe. Shida inaanza siku mtu mwingine anapochagua.

Akitoka kwa Majid anampigia mkewe simu, anasema hakukuta mtu. Hapo kakata tena. Halafu unakuja mkanda wa yale mazungumzo yote, Anne anauona, na mkanda unaendelea baada ya Georges kuondoka, kamera ipo palepale, Majid kakaa anaanza kulia, analia muda mrefu. Kwa Georges ile habari iliisha alipofunga mlango. Mkanda haukuisha. Mimi kile kipande kinaniuma kuliko hata cha damu.

Na cha damu ndio hiki. Majid anampigia Georges aje. Anamkaribisha ndani, anamwambia mikanda siijui, nimekuita nilitaka uwepo, anatoa kisu mfukoni anajikata koo hapohapo mbele yake. Ni sekunde chache tu, damu inachapa ukutani, mwili unaanguka. Kamera iko mbali, imetulia, na ukiwa makini utagundua imekaa pembe ileile ya ule mkanda wa siri. Haikatwi. Haituonyeshi uso wa Georges kwa karibu ili tujue tujisikieje. Georges anatembea huku na kule, anakohoa, na sisi tunabaki na ile picha mpaka mwenyewe Haneke atakapotuachia. Kutoka hapo Georges hakimbilii polisi wala nyumbani, sini inayofuata anatoka jumba la sinema. Mtu kaona kifo cha mwenzake kaenda kukaa gizani aangalie picha za watu wengine.

Haneke alianzia kwenye televisheni ya Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1960 na alitengeneza filamu za tivii miaka mingi kabla ya kuingia sinema, hivi vyumba vya kuediti anavijua kwa ndani. Cannes 2005 walimpa tuzo ya mwongozaji bora kwa muvi hii na sioni nani angestahili zaidi.

Karibuni, ila tafadhali tusianze na swali la nani katuma.

#2 Nyota ya Kusini

Mkuu umechambua vizuri ila utanisamehe nalianza hilohilo swali maana huwezi kulikwepa, mwongozaji mwenyewe kalipandikiza. Mwisho kabisa, majina ya mwisho yanapopanda, kamera imesimama mbele ya ngazi za shule, wanafunzi kibao, wazazi wanawapokea watoto. Angalia kushoto. Mtoto wa Majid anakutana na Pierrot, wanashuka ngazi wanasimama wanaongea, hatusikii kitu, wanaachana. Watu wengi walitoka ukumbini bila kuona maana macho yalikuwa katikati. Hao wawili ndio waliofanya, kijana wa Majid anaujua ule mkasa wa jogoo kwa baba yake, anakaa kwenye ile flati kwahiyo kamera ya ndani ameiweka yeye, Pierrot anajua ratiba ya nyumbani, na Pierrot ana hasira na mama yake, anamshuku na yule rafiki wa familia, Pierre. Michoro ya kitoto hiyo hapo. Kila kitu kinakaa.

#3 Fundi Taa

Ndugu yangu hiyo nadharia naiheshimu na ndiyo yenye nguvu kuliko zote, lakini angalia inapokwama. Ule mkanda wa kwanza, Georges anapita pale kamera ilipo, mwenyewe anaenda kusimama pale mtaani anashangaa ingewezekanaje asiione. Ile kamera ilikuwa kwenye usawa wa mtu aliyesimama njiani. Usiku pia ipo. Halafu kijana wa Majid anamfuata Georges kazini kwake baada ya msiba, anamkaba mpaka chooni ili waongee, baba yake keshakufa, hana cha kupoteza, na bado anasema sisi hatukutuma. Adanganye wakati ule ili apate nini? Alichokuja kutafuta anakisema wazi, alitaka kuona mtu mwenye kifo cha mwenzake kwenye dhamira anafananaje, na anaondoka akiwa keshapata jibu.

Yale maongezi ya kwenye ngazi Haneke aliwaandikia wale vijana maneno kabisa, akawaambia yabaki siri, na akaweka kamera mbali yasisikike. Mtu akitaka ujue hafanyi hivyo. Mimi naona kama huyo mwongozaji kamuweka mtumaji mahali ambapo hakuna mtu wa ndani ya ile hadithi anaweza kusimama, yaani kamera yake mwenyewe. Na sema tukubali ni vijana, wewe niambie Georges anapungukiwa nini? Alichokifanya akiwa na miaka 6 ni cha mtoto na mimi simhukumu kwa hicho. Alichokifanya akiwa mtu mzima, kumfokea Majid, kumtishia, kumpeleka polisi usiku Pierrot alipopotea (kumbe dogo kalala kwa rafiki yake), hicho ndicho mkanda umekishika, na hakuna aliyemtuma.

#4 Mama Nadia wa 93

Habari zenu. Mimi nakaa huku Ufaransa, idara (kama mkoa) ya 93 pembeni ya Paris, hiyohiyo ilipo Romainville, naomba niongeze kwa upande wa ule usiku maana kaka mleta uzi kaupitia haraka.

Ilikuwa vita ya Algeria inaelekea mwisho. Tarehe 5 Oktoba 1961 mkuu wa polisi Paris, Maurice Papon, alitoa tangazo la kuwazuia Waalgeria kutembea usiku, saa mbili na nusu usiku mpaka saa kumi na moja na nusu alfajiri, wao tu, sio wakazi wengine. FLN tawi la Ufaransa likaita watu watoke kuandamana kwa amani tarehe 17, familia nzima, bila silaha. Walitoka maelfu, 20,000 mpaka 30,000. Zaidi ya watu 11,000 walikamatwa usiku mmoja, wakajazwa kwenye mabasi kupelekwa ukumbi wa Palais des Sports na uwanja wa Coubertin, wengine walipigwa mpaka kufa, wengine wakatupwa mto Seine. Taarifa ya polisi siku zile ilitaja wafu wawili, baadae watatu. Mwaka 1998 serikali ikakubali angalau 40. Jean-Luc Einaudi aliyefukua habari hii miaka mingi alifikisha watu kama 200, na Papon alimshtaki Einaudi kwa kumchafulia jina, akashindwa. Huyo Papon ndiye aliyehukumiwa 1998 kwa kushiriki kuwasafirisha Wayahudi kutoka Bordeaux wakati wa vita kuu ya pili. Kibao cha kumbukumbu pale daraja la Saint-Michel kiliwekwa 2001.

Kilichonigusa kwenye huu uzi ni habari ya picha. Ule usiku picha zilikuwa chache sana. Kuna mpiga picha mmoja, Élie Kagan, alizunguka na pikipiki yake ya Vespa, stesheni ya Solférino kapata mtu kakaa kwenye benchi damu inamtiririka. Bila watu kama yeye hakuna ambacho macho yangeona. Sasa Haneke angeweza kabisa kutengeneza maandamano, polisi, mto, bajeti ya kutosha angepata. Hakuonyesha hata fremu moja. Wazazi wa Majid hatuwaoni kabisa. Tunachoonyeshwa karibu na mwisho ni ua wa shamba, kamera iko mbali gizani ndani ya banda, gari linakuja, watu wanashuka, mtoto anatolewa, anakimbia, wanamkamata, wanamsukumia kwenye gari wanaondoka, kuku wanazunguka uani kama kawaida. Haikatwi hiyo, kaka, inaungana na hoja yako. Na kabla yake Georges kameza vidonge viwili, kafunga mapazia, kavua nguo kalala. Kwahiyo ile ni ndoto yake au ni mkanda mwingine?

Halafu muvi iliingia sinema huku mwanzoni mwa Oktoba 2005. Tarehe 27 mwezi huohuo vijana wawili walikufa kwa umeme Clichy-sous-Bois, humuhumu 93, wakijificha polisi wasiwapate, maeneo yakawaka moto wiki tatu. Serikali ikatangaza hali ya hatari kwa kutumia sheria ya mwaka 1955. Hiyo sheria ilitungwa kwa ajili ya Algeria.

#5 Fundi Taa

Dada nashukuru sana. Kuhusu lile swali la ndoto au mkanda, nadhani ile pembe ya gizani ndani ya banda ndipo angekuwa amejificha mtoto wa miaka 6 anayechungulia kile alichosababisha. Wa kwanza kuchungulia kwenye muvi hii ni Georges mwenyewe, miaka 40 kabla ya kamera yoyote kuwekwa mbele ya nyumba yake. Hii ya sheria ya 1955 imenikaa kichwani.

#6 Jiwe la Msingi

Mimi nitaenda kinyume na nyie wote kwa nia njema. Muvi nimeiona, kiufundi hakuna wa kuipinga. Lakini Majid ni nani? Anapenda nini? Kazi yake? Mke wake alikwenda wapi? Tunajua Georges anafanya kazi gani, tunajua mkewe ana wasiwasi gani, tunajua mtoto wao anaogelea kwa mashindano. Majid tunajua kwamba anaumia, halafu anakufa, na anakufa mbele ya Mfaransa ili huyo Mfaransa apate usingizi mbaya. Kijana wake hata jina hajapewa. Mnasema mkanda haumkati mtu, sawa, ila muvi yenyewe imemkata Majid. Mimi hilo linanikera na sioni ajabu mtu wa Algeria akikereka.

#7 Fundi Taa

Mkuu Jiwe hilo ni zito na sitalipinga lote. Kijana hana jina ni kweli, na mimi pia ningependa dakika 10 na Majid peke yake, mchana wa kawaida, bila Georges kuingia. Ninachoweza kusema ni kwamba dakika pekee tunazopata na Majid bila Georges ni zile anazolia, na tumezipata kupitia mkanda. Kama muvi ingefuata macho ya Georges peke yake tusingeziona kabisa. Hazitoshi. Ila angalia sini ya sebuleni, usiku Pierrot haonekani, mume na mke wanahangaika na simu, na katikati yao tivii kubwa inarusha habari za Iraki, za Palestina, sauti iko wazi, miili inabebwa, na wao hawageuki hata kidogo. Tivii imezungukwa na mashelfu ya vitabu na mikanda mpaka darini. Ule ni muda wa sisi kuona dunia nzima ya kina Majid imegeuzwa kuwa sauti ya nyuma ya ugomvi wa ndoa. Haneke anajua anachokiacha nje. Kama kujua kunatosha hapo ndipo mimi na wewe tunaweza kutofautiana.

Na kuna kipande cha barabarani, wametoka kituo cha polisi, Georges anashuka barabarani bila kuangalia, kijana mweusi kwenye baiskeli anakaribia kumgonga, Georges anamtukana, kijana anageuza baiskeli anarudi kumkabili uso kwa uso, arudie alichosema. Anne ndiye anawatenganisha, anasema wote hamkuangalia. Dakika moja haifiki, ila yule kijana hakukubali kupitwa.

#8 dogo_wa_fremu

Wakuu mi nina swali la kizazi chetu. Hii muvi ni ya 2005, enzi za deki. Leo kila duka lina kamera, kila geti lina kamera, watu tunajirekodi wenyewe asubuhi mpaka usiku na tunaweka mtandaoni kwa hiari, mtu akinitumia video ya geti la kwetu nitadhani ni mlinzi kakosea namba. Inaweza kutisha bado?

#9 Fundi Taa

Dogo swali zuri. Fikiria unachokiweka mtandaoni ni nini. Ni sekunde 15, umeirudia, umechagua pembe, umeondoa pale ulipokosea, umeweka wimbo. Hiyo ni kazi ya Georges tu, sote tumeajiriwa humo sasa hivi bila mshahara. Kamera ya geti nayo haina mtu nyuma yake, inarekodi kila anayepita sawasawa, hakuna anayeangalia mpaka kitu kiibiwe.

Sasa chukua hivi, unapokea faili la saa mbili. Unafungua, ni mlango wa chumba chako kwa nje. Hakuna maandishi. Unatoka, unafunga, unaondoka, na video inaendelea kuangalia mlango uliofungwa. Utakimbiza mbele, utarudisha nyuma, utatafuta kosa lako, na kwa kuwa hakuna aliyekuambia ni kosa gani utaanza kupitia yote unayoyajua wewe. Wale nao ndicho walichofanya, mkanda wa kwanza haukuwa na siri yoyote ndani yake, siri waliileta wao. Kwahiyo ndiyo, inatisha, tena leo zaidi maana tumesahau picha isiyokatwa inafananaje.

#10 Nyota ya Kusini

Nimerudi kuirudia jana usiku nikiwa na huu uzi pembeni. Ile chakula cha jioni, rafiki yao anawasimulia habari ndefu ya bibi mmoja aliyemfananisha na mbwa wake aliyekufa, anawaonyesha kovu shingoni, meza nzima imenyamaza, ghafla anabweka kila mtu anaruka. Mmoja anauliza ni kweli au umetunga, na hajibiwi. Hapo hapo kengele ya mlango inalia, Georges anatoka nje hakuna mtu, anapiga kelele mtaani kwenye giza, akirudi anakuta mkanda umebanwa mlangoni. Fundi, nabaki na vijana wangu wawili, sijahama. Ila nimeangalia ule mkanda wa flati nikaona kitu, mahali kamera ilipo panatakiwa pawe na shelfu au kabati, na Georges alipokuwa ndani aliangaza macho huko zaidi ya mara moja.

#11 Fundi Taa

Hilo la kabati nakubaliana nalo kwa ule mkanda wa kwanza wa flati. Kwa siku ya kifo je? Polisi walishapita pale, Majid na kijana wamelala mahabusu usiku kucha, flati imeshajulikana, na bado picha ni ileile kutoka pembe ileile. Kama kamera ilikuwepo, mbona mkanda wa kifo haukutumwa kwa mtu yeyote? Tumeuona sisi peke yetu. Nijibu hilo ndugu yangu, nasubiri.

#12 Bi Mwanaidi

Samahani wanangu, mimi sio mtu wa muvi sana ila nimesoma uzi wote. Nataka niangalie na mjukuu wangu wa miaka 13 anayependa habari za upelelezi. Inafaa?

#13 Fundi Taa

Shikamoo bibi. Kwa mjukuu ningesema asubiri kwanza. Kuna ile sini ya kujikata koo, haina onyo na haifichwi, na kuna ya jogoo ambayo inaonyesha kuchinjwa kwa shoka kwa karibu na kwa muda. Pia kama anapenda upelelezi atakaa kama saa mbili akisubiri mhalifu na hatapewa. Wewe mwenyewe iangalie tu, tafuta yenye maandishi ya Kiingereza chini maana wanaongea Kifaransa mwanzo mwisho, kaa na skrini kubwa kuliko simu, ukifika kwenye zile ngazi za shule usizime, macho weka kushoto. Ukimaliza rudi hapa utuambie umeona nini, mimi na Nyota bado tunahitaji mtu wa tatu.